Jina Lililochorwa Ubavuni mwa Bunduki

Wapendwa, kaeni tu. Leo sitawachosha. Nataka kuwasimulia habari ya bunduki, na najua kuna watakaojiuliza mchungaji anazipata wapi habari za bunduki. Mimi mwenyewe nikiiona natafuta mlango wa nyuma. Lakini Mzee Mwakalobo yule pale amekuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini na kitu. Nikikosea atanisahihisha tukitoka nje. Si sasa, mzee. Tukitoka nje.

Kulikuwa na mkulima mmoja ambaye shamba lake lilipakana na msitu. Mnajua maana yake. Ukilima kandokando ya msitu unalima kwa ajili yako, na kwa ajili ya nyani na nguruwe pori, na wao kupalilia hawaji. Mkulima huyu alikuwa na bunduki ya marisau, ya mitutu miwili, ambayo baba yake aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa msimamizi wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Leseni ilikuwepo, kila kitu halali. Na ubavuni mwa bunduki palikuwa pamechorwa jina kwa maandishi ya rangi ya dhahabu: Wexcombe.

Basi jina hilo ndilo lililompanda kichwani. Kila Jumamosi alikaa barazani akaisugua bunduki kwa kitambaa na mafuta, ila alichosugua ni jina. Mtutu ulikuwa unaota kutu kwa ndani, jina linameremeta. Mgeni akifika, kabla hajapewa kiti ameshaonyeshwa jina. Na mwenyewe akimaliza kulionyesha husema, jina jema hung'ara gizani. Utafikiri wahenga walikaa kikao kwa ajili ya bunduki yake.

Jirani yake naye alikuwa na bunduki, vilevile ya mitutu miwili, aliyouziwa na mjane wa mwindaji. Hiyo haikuwa na jina. Ubavuni ilikuwa na picha ya ndege iliyokwisha kufutika nusu, wengine wakasema ni kware, wengine kanga, mwisho kijiji kizima kikaiita Kware. Kijijini kwao palikuwa na utaratibu kwamba nguruwe wakishuka bondeni, wenye bunduki wanasimama pamoja kwenye njia ya wanyama, mmoja juu, mwingine chini, na wenye mbwa wanawafukuza kuelekea huko. Mkulima wetu akaukataa utaratibu huo. Akamwambia mwenyekiti wa kitongoji kwamba Wexcombe haiwezi kusimama zamu moja na Kware, na kwamba kila mtu alinde chake. Wakalinda hivyo miaka kumi na miwili, kila mmoja peke yake. Nguruwe si mjinga, akawa anapita katikati.

Mwaka mmoja likatoka tangazo la uhakiki wa silaha. Kila mwenye bunduki aipeleke kituo cha polisi ikaguliwe na kuandikwa upya. Siku hiyo wamepanga foleni, na mezani pembeni ya askari amekaa fundi wa bunduki kutoka wilayani, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kujaza jina la mtengenezaji. Zamu ya mkulima wetu ilipofika, akaiweka bunduki mezani, ubavu wenye jina ukiangalia foleni, akasema waandike Wexcombe.

Yule fundi hata hakulitazama jina. Akaigeuza bunduki, akaufungua ule ubao wa mbele unaoshikwa na mkono wa kushoto, akaufuta mtutu kwa dole gumba, akavuta miwani.

"Mzee," akasema, "hili la ubavuni ni jina la mwenye duka. Mtengenezaji ni huyu hapa."

Watu wakasogea. Chini ya ubao, pale ambapo mnunuzi haangalii, palikuwa na alama ndogo ya kengele na namba. Fundi akawaeleza, bila haraka, kwamba zamani kiwanda kimoja kilikuwa kikitengeneza bunduki kwa ajili ya maduka mengi. Kila mwenye duka akiagiza, anataka iandikwe jina lake. Huyu anataka maandishi ya dhahabu, yule anataka picha ya ndege, na kiwanda kinamwekea kila mtu anachotaka, kwa sababu ubavuni ni mahali pa mnunuzi. Lakini alama yake mwenyewe kiwanda kinaigonga kwa chini, kwenye chuma chenyewe. Ndiyo maana bunduki iliyokwisha kupita mikono mingi huwezi kuijua kwa kusoma, mpaka uifungue.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwa nani? Mnamjua. Kware ikawekwa mezani, ubao ukafunguliwa. Kengele. Namba zenyewe zilikuwa zimepishana kwa sita tu. Pengine zilitengenezwa wiki moja, kwa mikono ileile, zikalazwa kreti moja.

Foleni ikaangua kicheko. Yule jirani wala hakucheka, alifurahi tu, akamwambia mwenzake, "Kumbe ni ndugu hizi." Mkulima wetu akafungasha bunduki yake, akaondoka na hasira hata risiti ya uhakiki akaiacha mezani. Jumamosi iliyofuata akakaa barazani akasugua jina.

Sasa nisikilizeni hapa. Ulifika mwezi wa nne, mahindi yameanza kukomaa, na yalikuwa mahindi kweli. Nyumba ile ilikuwa na watu saba, na shamba lile ndilo ghala lao mpaka mwaka unaofuata. Asubuhi moja akamwona nguruwe pembeni ya shamba, akalenga, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Mnajua ndani ya bunduki kuna kipini kidogo cha chuma kinachogonga risasi kwa nyuma ndipo ilie, na kila mtutu una kipini chake. Kipini cha mtutu mmoja kilikuwa kimekatika zamani, akawa anajikongoja na mmoja. Siku hiyo na cha pili kikakatika. Jina lilikuwepo, halijapata hata mkwaruzo.

Akampigia simu fundi wilayani. Fundi akamwambia barabara imekatwa na mvua, kufika ni baada ya wiki mbili, tena kipini kipya itabidi kichongwe. Halafu akamwuliza anahangaika nini wakati kipini anacho jirani yake. Akamweleza kwamba vya Kware vitaingia kwenye bunduki yake bila hata kupigwa tupa, maana ni kengele moja. Jirani ana viwili. Akitoa kimoja, kila mtu anabaki na mtutu mmoja unaolia, na mashamba yote mawili yanalindwa.

Mkulima akakata simu. Mkewe aliyasikia yote. Mama yule hakusubiri kuambiwa, akaenda mwenyewe kwa jirani. Na jirani hakuuliza swali. Alikaa chini akaifungua bunduki yake, akatoa kipini kimoja, akakifunga kwenye kitambaa, akaja nacho mwenyewe mpaka barazani.

"Baba Lusajo," akamwambia, "chukua hiki. Mimi nimebakiwa na kimoja, kinanitosha."

Mkulima akakitazama kile kitambaa. Hakukigusa. Akasema ahsante, atasubiri cha kwake. Mkewe akamwambia mchagua jembe si mkulima, baba, kijaribu tu, kisipoingia tutamrudishia. Akasema hapana. Mama akamwuliza kwa nini, nguruwe wale pale, kwa nini? Hakujibu.

Nitawajibia mimi. Mnadhani aliogopa kipini kisiingie? Kisingeingia, angefurahi. Angeita kijiji kizima kije kione kwamba Wexcombe haipokei kitu cha Kware. Aliogopa kitaingia. Kikiingia, kikagonga, ikalia, basi yale maneno ya fundi ni kweli, na miaka kumi na miwili ya kusimama peke yake ilikuwa ya bure. Bora mahindi yaende.

Na yakaenda. Siku ya kwanza waliingia upande wa msituni. Mama na watoto wakapiga madebe mpaka mikono ikawavimba, nguruwe wakazoea madebe. Kufikia siku ya tisa hapakuwa na muhindi uliosimama. Jirani, kwa Kware yake, alivuna.

Mwezi wa tisa yule mama alichukua ungo akaenda kwa jirani kuomba mahindi. Akapewa, na kesho yake akapewa tena. Mkulima akala. Kipini cha jirani alikikataa, ugali wa jirani akaula, na bunduki imeegemezwa ukutani mbele yake na jina lake.

Mnacheka. Hata mimi nilicheka Ijumaa nilipokuwa naandaa mfano huu. Niliutunga kwa ajili yenu, nilitaka kuwasema ninyi. Nilitaka kusema kwamba sisi tumesahau kuwa majina haya tuliyochora ubavuni, sisi wa usharika huu na wale wa kanisa la ng'ambo ya barabara, ni majina ya maduka. Tulipewa na waliotuletea Injili. Aliyetuumba alama yake ameigonga chini, mahali tusipopasugua, na ni moja. Nilikuwa nimeandika hivyo, nikaridhika, nikafunga daftari.

Halafu sikulala vizuri, wapendwa, na lazima niwaambie.

Bibi Tusekile tuliyemzika wiki hii, wengi wenu mlinipa pole mkasema mchungaji alichelewa kwa sababu ya barabara. Haikuwa barabara. Jumanne mchana mwinjilisti wa kanisa lile la ng'ambo alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa amepita hospitali, akamkuta bibi amezidiwa, na bibi akamwomba aje kunichukua. Akaniambia, "Mchungaji, mimi nina pikipiki. Panda twende, tukamwombee pamoja." Nikamwambia nina kikao.

Sikuwa na kikao. Mke wangu yupo hapa, anajua. Nilikaa sebuleni na chai.

Na si kwamba niliona maombi yake hayafai. Laiti ingekuwa hivyo. Ninamfahamu yule kijana, anaomba kwa machozi. Niliiona picha hiyo kichwani, sisi wawili pande mbili za kitanda, muumini wangu akishika mkono wake, na mwuguzi akitazama. Sikuogopa kwamba Mungu hatamsikia. Niliogopa atamsikia.

Alhamisi asubuhi nilipofika kwa miguu yangu, mwuguzi aliniambia bibi aliniulizia mara mbili, kisha akaacha kuuliza. Mwinjilisti ndiye aliyekuwa naye mpaka mwisho.

Kwa hiyo nikisema sisi leo, si ninyi huku mimi nikiwa pembeni. Ni mimi kwanza, halafu kila mmoja anayejua amekikataa kipini cha nani, kwa ndugu yake, kwa shemeji yake, kwa jirani wa dini nyingine. Usiniambie hakikukufaa. Ulijua kinafaa.

Ibada ikiisha, sitasimama mlangoni kuwashika mikono. Nitavuka barabara. Wenzetu kule wanamaliza saa sita, nami nataka nimkute yule mwinjilisti mbele ya watu wake nimwombe msamaha. Anayetaka kufuatana nami, twende.

Tusimame, tuombe.