Taa Mia Tatu za Sultani Badri

Hapo zamani, miaka ile mvua ilipogoma na ufuta ukafia shambani, mji wa Kiwandeo uliingiwa na dhiki ya mafuta ya kuwashia taa. Basi Sultani Badri, ambaye jumba lake liliwaka taa mia tatu tangu magharibi hata alfajiri, akatangaza kwamba kila nyumba imletee kibaba cha mafuta kila Ijumaa, nuru yake isije ikafifia mbele ya wageni. Ikawa watu wanakula kwa kupapasa, na wanawake wasukao ukili wa mikeka wanaacha kazi mara jua lituapo.

Mjini humo palikuwa na msokota kamba jina lake Feruzi, fukara asiye na kitu ila ulimi wake na mkewe Tabia. Huyo Tabia alikuwa hodari wa kubana matumizi. Kunde aliziloweka mchana kutwa, akazichemsha kidogo, kisha akaepua chungu na kukifunika gubigubi kwa majamvi makuukuu, nazo zikaiva kwa joto la chungu chenyewe. Kuni tatu zilimtosha siku mbili.

Ijumaa moja Feruzi akafika mbele ya waziri, Mwinyi Jabu, mikono mitupu.

"Kibaba chako ki wapi?"

"Bwana wangu, mafuta yalikwisha mwezi jana. Nimebakiwa na utambi. Nikuletee huo?"

Watu wakaangua kicheko. Waziri akamkamata Feruzi ukosi, akamkokota hadi barazani kwa Sultani, akamshitaki kwa dharau.

"Nanyi mwaishije bila mafuta?" akauliza Sultani.

"Kwa kupunguza, Maulana. Mke wangu hupunguza hata kisichokuwapo."

"Vema! Basi nawe nipunguzie mimi. Nakupa siku saba. Kuni na mafuta ya jumba langu yapungue nusu, wala mimi nisione tofauti yoyote. Ukiweza, omba utakalo. Nikiona tofauti, utahama mji huu wewe na mkeo, na nyumba yenu itavunjwa iwe kuni za jikoni kwangu."

"Usione kwa macho, Maulana?"

"Kwa macho yangu haya mawili! Kadhi huyu hapa na ashuhudie."

Feruzi akainama kwa hofu, maana nyumba ile ndiyo urithi pekee wa Tabia kutoka kwa babaye.

Basi akahamia jumbani. Jikoni akakuta meko arobaini yakiwaka, mengine chini ya masufuria ya maji asiyoyahitaji mtu. Akawafundisha wapishi ufundi wa Tabia, wa kuepua mapema na kufunika. Wakanung'unika, lakini Sultani akala, akajilamba vidole, asitambue kitu. Kisha Feruzi akapita vyumbani, akakuta taa zinawaangazia paka na mazulia, akazipuliza moja moja. Siku ya sita kuni zikawa zimepungua nusu. Mafuta, bado! Taa zilizobaki zote zilikuwa katika ukumbi wa Sultani, na kuzima hata moja ni kujitakia balaa. Feruzi akakaa kizingitini, akakumbuka maneno ya Sultani, akayarudia neno kwa neno. Mara akatabasamu.

Siku ya saba Sultani akaketi na wageni, sinia za pilau zikatandazwa. Jua likatua, ukumbi ukaingia giza, na taa haikuwashwa hata moja.

"Feruzi!" Sultani akanguruma. "Ni nini hii?"

"Maulana, waona tofauti yoyote?"

"Tofauti gani? Mimi sioni kitu!"

"Sheikh Kadhi, umesikia?"

Kisha sauti ya Kadhi ikatoka gizani: "Nimesikia. Sharti lilikuwa kuona, na Maulana amekiri haoni. Na mafuta ya leo yakibaki mtungini, nusu imetimia."

Sultani akapeleka mkono kwenye pilau, akashika ndevu za Mwinyi Jabu. Waziri akapiga yowe. Mtu akamwaga sharubati.

"Mtu atakulaje hivi?" akafoka Sultani.

"Polepole, Maulana," akajibu Feruzi. "Watu wako wamekwisha kuzoea."

Sultani akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa tumbo zima, hata wageni wakacheka naye.

"Leteni taa moja!" akasema. "Moja tu. Haya, Feruzi, omba."

"Kila nyumba irudishiwe mafuta yake, Maulana, na Ijumaa ibaki kwa ibada."

Ikawa hivyo, na juu yake Sultani akampa Feruzi mtungi mzima wa mafuta ya ufuta.

Feruzi akarudi nyumbani akiimba. Tabia, ambaye siku saba hakupitisha tonge kwa hofu, akamkumbatia, akawasha taa. Akamtazama mumewe juu hadi chini, macho yake yakatua tumboni.

"Feruzi! Mimi huku nimekonda kwa dua, kumbe wewe huko unaota kitambi?"

Feruzi akaipuliza taa. "Tubane matumizi, mke wangu."