Milango Mitatu ya Ghala la Picha

"Milango mingi jina moja, mgeni hulala nje." Mmenisikia nikiisema kazini, mkauliza imetoka wapi. Ilianza hivi, vijana wangu, na aliyekosea ni mimi.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali ya rufaa. Picha za eksirei zilitunzwa kwenye kompyuta sita zilizofanya kazi pamoja kama ghala moja. Ghala hilo lilikuwa na huduma tatu: ya kutoa picha, ya kuwatambua watumiaji, na ya sisi mafundi kulisimamia. Zote niliziita kwa jina moja kwenye mtandao, jina ambalo kompyuta nyingine hulifuata ili kuzifikia.

Mwenzangu Zuhura alinionya. "Kaka Sospeter, kila huduma ipe jina lake. Siku ukihamisha moja, utakuwa umezihamisha zote."

"Ghala ni moja, dada. Jina moja latosha."

Jumanne moja asubuhi niliihamishia huduma ya usimamizi kwenye kompyuta mpya, nikalielekeza jina huko. Kwangu kila kitu kilifunguka. Nikaagiza chai.

Sijaimaliza, simu ikalia. Alikuwa Daktari Kahwa, chumba cha upasuaji.

"Fundi, nina binti mezani, nyonga imevunjika. Picha yake siioni!"

"Ipo, daktari."

"Ipo wapi? Mimi naambiwa haipo!"

Kweli ilikuwapo, salama kabisa. Ila kila aliyeiomba alipelekwa kwenye kompyuta mpya, ambayo haikuwa na picha hata moja. Nikalirudisha jina mahali pake, lakini kompyuta za madaktari hukumbuka kwa muda mahali jina lilikoelekezwa, zikaendelea kwenda kwenye kompyuta mpya. Saa nzima ikapita. Binti, Nyamizi, alikuwa ameshalazwa kwa dawa ya usingizi. Ikabidi aamshwe bila kupasuliwa. Alipoamka aliuliza kama tayari ameshapasuliwa.

Zuhura hakunisimanga. Tulikaa pamoja, tukaipa kila huduma jina lake. Alasiri Nyamizi akapasuliwa, na baadaye nyonga ikapona.

Hata hivyo, jioni ile nilimfuata mama yake kwenye benchi la wodini, nikamweleza kosa langu lote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani ulikuwa na milango mitatu, yote ukaiita jina moja?"

"Ndiyo, mama."

Afadhali angenitukana.

"Na mwanangu ndiye aliyekuwa akibisha hodi," akasema taratibu. "Shika neno hili, baba, uwafundishe na wenzako: milango mingi jina moja, mgeni hulala nje."