Mchungaji Fisi na Majoho ya Kwaya

Paukwa.
Pakawa.
Nani kawasha moto?
Mama.
Nani kala kwanza?
Mgeni.
Basi kaeni, na aliye karibu na sufuria asiifunue.

Mama Pimbi alikuwa mlangoni pa pango lake akichambua kunde. Kunde huku, vijiwe kule, tik, tik, tik. Kijiwe kimoja kikipita, jino la mtu linavunjika, na lawama ni za mpishi. Hapo Chiriku, mwalimu wa kwaya wa usharika wa Jabalini, akatua ukingoni mwa ungo.

"Mama Pimbi, acha kunde. Tumepata mchungaji mpya. Anafika jioni hii, na karamu ya kumpokea ni kanisani."

"Kunde hazijichambui. Ni nani?"

"Mchungaji Fisi."

Mkono wa Mama Pimbi ukasimama ndani ya ungo.

"Wazee wamemchunguza," Chiriku akasema. "Ana sauti nzito. Ana furaha, anacheka hata mazishini. Na huko alikotoka hakuna muumini hata mmoja anayemlalamikia."

"Wako wapi hao waumini?"

"Inasemekana wamekuwa mwili mmoja naye."

"Hilo nalisadiki."

"Ameomba mambo mawili tu. Kwaya ya watoto ikae mezani pake. Na sala ya chakula iwe ndefu, watu wafumbe macho sawasawa. Wanakwaya wote saba ni wanao, Mama Pimbi. Ni heshima kubwa."

Chiriku akaruka, purr, kupeleka habari kwingine. Mama Pimbi akaweka ungo chini, akaenda kwa Mzee Kobe, mkuu wa wazee wa kanisa.

"Shikamoo, mzee. Fisi huyu atanilia watoto."

Mzee Kobe akatoa kichwa taratibu. "Marahaba, binti yangu. Huyo alikuwa fisi alipokuwa porini. Sasa amevaa kola."

"Na meno?"

"Meno hayakujadiliwa kikaoni."

"Basi wanangu wasiimbe leo."

"Wasipoimba umemkataa mchungaji. Ukimkataa mchungaji, umejitoa usharikani. Na pango lako, binti yangu, liko kwenye kiwanja cha kanisa."

Mama Pimbi hakubishana. Mwenye watoto saba hana muda wa kubishana na kamati. Akarudi nyumbani, akamalizia kunde, tik, tik, tik. Akavitazama vile vijiwe alivyovitoa. Akavitazama muda mrefu. Kisha akabandika kunde jikoni, akachukua kapu, akaenda kuokota mawe makubwa zaidi.

Aliporudi akawaita watoto.

"Mzee Kobe akianza sala, mmoja mmoja ateleze chini ya meza, aniachie joho lake. Mwende kisimani, mlete maji ya kunawa. Msirudi mpaka msikie Amina."

"Mama," akasema Chaupele, kitinda mimba, "mwalimu wa Jumapili alisema tusifumbue macho."

"Mwalimu wa Jumapili hana watoto."

Jioni ngoma zikalia, ndi, ndi, ndi, na Mchungaji Fisi akaingia na kola yake, akicheka hii-hii-hii. Akaketi. Watoto wakaketi kando yake na majoho meupe. Nyuma yao akasimama Mama Pimbi na kapu ambalo kila mtu alidhani lina sahani.

"Nawapenda sana watoto," mchungaji akasema, akiwatazama wa kwanza hadi wa mwisho. "Wamenona hawa. Kiroho."

"Tufumbe macho," akasema Mzee Kobe.

Macho yakafumbwa. Fisi naye akafumba, maana mchungaji mpya hutazamwa siku ya kwanza. Macho ya Mama Pimbi tu ndiyo yalibaki wazi.

Mzee Kobe akaombea mvua. Shwaa, mtoto wa kwanza akateleza. Jiwe likaingia johoni. Akaombea wasafiri. Shwaa, wa pili akateleza. Jiwe likaingia johoni. Akaombea wagonjwa, kila mmoja kwa jina lake na ugonjwa wake. Shwaa, shwaa, shwaa, shwaa, shwaa. Alipofika kwa mahasimu wake, majoho saba yalikuwa yameketi mezani, yamejaa, yameinama kwa adabu.

Mchungaji Fisi akafumbua jicho moja. Mate yakamdondoka, to, to. Akanyakua joho la kwanza, akauma. Kwaa.

"Huyu ana mifupa," akanong'ona kwa furaha, akauma kwa nguvu zaidi. Kwaa. Jino likaanguka.

Akaenda kwa wa pili. Kwaa. Kwa wa tatu. Kwaa. Mwingine angeacha, lakini Fisi alisema moyoni, haiwezekani wote wawe wagumu, lazima yuko mmoja laini. Akafika hata kwa wa saba. Kwaa.

"Amina," akasema Mzee Kobe.

"Amina," usharika ukaitika, ukafumbua macho. Mchungaji alikuwa na damu kolani, na meno yametapakaa mezani kama kunde.

Watoto wakaingia na maji.

"Mchungaji, kulikoni?" Mzee Kobe akauliza.

"Watoto walikwenda kisimani," Mama Pimbi akasema. "Nikayawekea majoho mawe yasipeperuke. Meno yalifuata nini humo, aseme mchungaji mwenyewe."

Fisi akamtazama. Akayatazama mawe.

"Nilikuwa nikisaga meno," akasema kwa kibogoyo, "kwa ajili ya dhambi zenu."

Wazee wakalia machozi. Hawajapata kuona mchungaji wa kuomba namna ile, wakamthibitisha papo hapo. Na kweli akawa mchungaji mwema. Alitembelea wagonjwa, akawaacha kama alivyowakuta.

Mama Pimbi akapakua. Kunde kwa wazee, kunde kwa watoto, na bakuli la uji mwepesi kwa mchungaji. Akahesabu watoto: saba. Mzee Kobe akashukuru tena, kwa kirefu. Akahesabu tena: saba. Ndipo akala.

Ngano imefika ukokoni. Aliyeipenda akwangue, asiyeipenda aoshe sufuria. Na funzo lake ni hili: wakati wa sala kila mtu afumbe macho, asichungulie.

Haya, chakula kiko mezani na nyote mpo. Fumbeni macho. Mimi nahesabu.