Upanga Uliosimama Jarubani

Upanga wa babu haupandi mpunga. Nimemwambia hivyo Somaiah asubuhi mbele yenu, na sijutii. Kijana mzima anabandika picha ya panga mbili kwenye pikipiki yake, anapita barabarani akijiita mwana wa simba, huku mama yake yuko jarubani peke yake, maji yamemfika magotini! Sasa mnaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Sikuyatunga mimi. Yalizaliwa katika nyumba hii hii ya Morambanda, na yalizaliwa kwa hasira, kwa hiyo msitarajie niyasimulie nikitabasamu.

Mnajua watu wanavyopenda kuulizana asili yetu sisi Wakodava. Wako wasemao tulitokana na askari wa mfalme wa mbali waliopotea katika milima hii. Wengine husema mto ndio mama yetu. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba waliotutangulia walikuta msitu, wakaufyeka, wakachimba majaruba ya mpunga bondeni, na mfalme alipotaka watu wa vita waliacha jembe wakaenda. Walipigana, wakarudi, wakashika jembe tena. Ndiyo maana mpaka leo, msimu wa kupanda ukiingia, silaha zote hufungiwa katika chumba cha taa ya wahenga, na hazitoki mpaka mche wa mwisho uwe umeingia ardhini. Baada ya hapo ndipo tunapofanya sikukuu ya silaha.

Nyumba yetu ilikuwa na desturi yake nyingine juu ya hiyo. Mkubwa wa nyumba ndiye aliyetia mguu wa kwanza katika jaruba kubwa na kupanda mche wa kwanza. Kabla yake hakuna aliyethubutu kuingia, awe ndugu au kibarua. Ilikuwa desturi nzuri, maana mkubwa alipotoka matopeni hakuwa na la kujivunia mbele ya mdogo.

Basi zamani za wafalme, mkubwa wa nyumba aliuawa vitani kwenye mpaka. Aliacha mjane, Chondamma, na binti mdogo. Upanga wa babu, ule wa mwanzilishi wa nyumba, ulirudishwa bila yeye. Ukubwa ukamwangukia mdogo wake, Bidappa, mtu mwenye masharubu mazuri, ambaye vita alivisikia kwa masimulizi. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli. Mjinga akiwa wa ukoo wetu habadiliki kuwa mwerevu.

Kabla ya mvua kuanza, alipita mwimba nasaba mmoja, mtu wa kula na kuondoka. Akapewa wali, nyama ya nguruwe na pombe, naye akalipa kwa alichokuwa nacho. Aliimba kwamba babu wa Morambanda hakuzaliwa na mwanamke bali alishuka na radi, upanga mkononi, na kwamba mguu wake haukukanyaga tope maisha yake yote. Bidappa aliusikiliza uongo ule mpaka machozi yakamlengalenga. Akasimama mbele ya taa ya wahenga, akauchukua upanga wa babu, akaapa kwamba mguu wake nao hautagusa tope kamwe. Mwimba nasaba akafunga mzigo wake, akaenda kushiba kwingine.

Mvua ikaja. Majaruba yakajaa maji. Miche ilikuwa tayari kitaluni, kijani kibichi, na vibarua wakasimama kwenye kingo wakisubiri mguu wa kwanza. Bidappa alikaa barazani na upanga kiunoni, ingawa msimu ule ulipaswa kufungiwa, akisugua masharubu. Ndugu wa nyumba, watu wazima wenye ndevu zao, wakaona raha iliyoje kutoloa, wakasema mkubwa akiamua nani atapinga. Nyumba yenye watu wengi kama siafu, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyefungua mdomo! Siku zikapita. Miche ikaanza kugeuka njano. Mche wa mpunga haungoji heshima ya mtu. Ukizeeka kitaluni hauzai, na nyumba isiyovuna hula mbegu, kisha hula ng'ombe, kisha huuza watu wake kwa deni.

Chondamma alikwenda barazani.

"Shemeji, miche inakufa."

"Shamba hili lilipatikana kwa upanga," Bidappa akajibu. "Upanga utalitunza."

"Wanao watakula upanga?"

"Wewe ni mjane. Mguu wako ni mkosi. Ukiutia jarubani, chukua binti yako urudi kwenu ulikozaliwa, na nyumba hii usiijue tena."

Kwao ni wapi? Wazazi wake walikwisha kufa, na kaka zake walikuwa na wake wasiopenda wageni. Angetolewa angekuwa mtu wa kuomba mlangoni kwa watu, yeye na mtoto. Asibaki mtu wa kusema hakujua anachohatarisha. Alijua. Aliingia ndani, akamlaza mtoto, akafunga nguo kiunoni, akateremka bondeni na fungu la miche mkononi, akatia mguu.

Vibarua wakashika vinywa. Mkubwa wao, Kariya, akamwambia, "Mama, huu si mguu wa mkubwa wa nyumba."

"Ni mguu wa mke wake," Chondamma akasema. "Yeye wake umeoza mpakani. Unataka mguu gani mwingine?"

Kariya akatazama kitalu, akatazama mawingu, akaingia. Wenzake wakamfuata. Wanawake wa nyumba walipoona, wakateremka nao, na wale ndugu wenye ndevu wakaja nyuma wakijikuna vichwa.

Habari ikamfikia Bidappa. Alikuja mbio mpaka kwenye ukingo wa jaruba, akasimama pale kwa sababu ya kiapo chake, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Chondamma, katikati ya jaruba, hakuinua kichwa. Hapo Bidappa akachomoa upanga wa babu na kuurusha. Ukapita juu ya migongo ya watu, ukatua hatua chache mbele ya Chondamma, ukazama kwenye tope hadi nusu, ukasimama wima.

"Hakuna avukaye upanga wa babu!" akafoka.

Huo nao ulikuwa mwiko wa nyumba, wala upanga ule haukuguswa na mtu asiye mkubwa. Watu wote wakaacha kupanda. Chondamma akanyooka, maji yakimchuruzika usoni.

"Umenirushia upanga, Bidappa," akasema. Hakumwita shemeji tena. "Mume wangu alikufa ameushika huu, ili jaruba hili libaki letu. Siku ile wewe ulikuwa jikoni ukingoja kupakuliwa. Na leo ndio unaurusha, tena unamrushia mke wake! Haya. Umezuia hapo uliposimama. Shamba ni pana."

Akainama, akapanda mche kushoto mwa upanga, akaenda kulia akapanda mwingine. Watu wakapanda kuuzunguka mpaka jaruba likajaa. Bidappa akabaki kwenye ukingo analoa. Kuingia kuuchukua hakuweza, maana aliapa mguu wake hautagusa tope. Kumtuma mtu hakuweza, maana hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Akarudi nyumbani, akamtangazia Chondamma kwamba sikukuu ya silaha ikiisha atatoka katika nyumba, na wazee wa nchi watathibitisha.

Sikukuu ya silaha ikafika. Nyumba zote zilikusanyika uwanjani na panga na mikuki iliyosuguliwa ikang'aa, imepambwa kwa maua ya porini. Bidappa alikuja mikono mitupu. Mzee Uttaiah, mkubwa wa baraza, akamtazama juu hadi chini.

"Bidappa, upanga wa babu yenu uko wapi?"

"Uko shambani, mzee."

"Shambani? Umefuata nini?"

Aliyejibu ni Chondamma, kutoka upande wa wanawake.

"Umekwenda kulima, mzee. Yeye alituambia upanga ndio utakaolitunza shamba, sisi wenye tope miguuni si kitu. Basi nikauacha ufanye kazi. Kila asubuhi nakwenda kuukagua. Haujapanda hata mche mmoja."

Watu wakacheka, lakini Uttaiah hakucheka. Aliuliza, akaelezwa yote, akawaongoza wote mpaka bondeni. Mpunga ulikuwa umesimama wa kijani, na katikati yake kipini cha upanga kimeota kutu.

"Kautoe," akamwambia Bidappa.

"Niliapa, mzee."

"Uliapa upuuzi ulioimbiwa na mlevi. Kautoe! Na mama huyu hatoki katika nyumba hii. Ukoo mzima unakula kwa mguu wake."

Bidappa akaingia. Tope likammeza hadi magotini mbele ya nchi nzima. Akauvuta upanga kwa mikono miwili, ukatoka ukiwa mweusi, na pale uliposimama pakabaki tundu la maji lisilo na mmea. Alipogeuka, Chondamma alikuwa amesimama nyuma yake na mche mmoja uliosalia kitaluni, dhaifu, wa njano.

"Panda," akasema.

Akapanda. Alikuwa analia, na hakuna aliyemwonea huruma. Chondamma hakumsamehe siku ile, na mimi simlaumu. Alimwangalia mpaka vidole vyake vikazama topeni, kisha akawageukia wote waliojaa kwenye kingo, wale ndugu wenye ndevu mbele kabisa.

"Mmeona wenyewe," akawaambia. "Upanga wa babu haupandi mpunga."