Mfungo wa Mzee Fisi

Mvua ilikoma mwezi wa tatu. Kufikia wa saba kisima cha wanyama kilikuwa tope, na chakula kilichobaki kilikuwa nyama kavu iliyowekewa wajane na yatima katika ghala la kanisa. Ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Mchungaji Kobe.

Fisi, mzee wa kanisa, aliutazama ufunguo ule zaidi ya alivyoitazama Biblia. Ibada ilipokwisha, alimbana Kobe mlangoni.

"Baba Mchungaji, maombi yako hayafiki juu. Waumini wamekuchoka. Jiuzulu kwa hiari."

"Waumini gani?"

"Wengi. Hawataki kutajwa. Na wewe nyumba unayo mgongoni, hutapata shida."

Kobe akaingiza kichwa gambani, ufunguo pamoja nacho. Kweli, nyumba alikuwa nayo. Lakini wajane je?

Kesho yake alifika Askofu Simba, aliyeitwa na Fisi. "Kobe, nasikia umekataliwa. Toa ufunguo."

"Baba Askofu," akadakia Sungura, mwalimu wa kwaya, "mchungaji hufukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni? Desturi yetu, anayedharau maombi ya mwenzake hufunga yeye siku tatu, peke yake kanisani. Akishinda, apewe ufunguo. Au Mzee Fisi anaogopa njaa?"

Waumini wakacheka.

"Mimi?" Fisi alifoka. "Nilizaliwa nikifunga!"

Simba hakuijua desturi hiyo, wala hakuwa tayari kuonekana haijui. "Nilikuwa naelekea kuisema," akanguruma.

Fisi akafungiwa ndani. Nje, waumini walimzunguka Kobe. Swala alimletea maji. Nguruwe, ambaye hakuwahi kutoa sadaka, alileta kiazi kizima.

"Toa kichwa, Baba," Sungura alimnong'oneza. "Tupo."

Kobe akachungulia, akauona umati, akabaki kichwa nje.

Siku ya tatu Simba alirudi, akamwagiza Fisi apige ngoma ya ibada iliyokuwa mle ndani. Ngoma haikulia. Mlango ukafunguliwa: ngoma imebaki gogo tupu, na kamba za ngozi yake zimenasa katika meno ya Fisi.

"Panya hao," Fisi alisema.

"Panya yupi?" Panya aliuliza kutoka safu ya kwaya. "Mimi nipo hapa nje tangu juzi, na wenzangu wote."

Simba akamvua Fisi uzee wa kanisa. Kobe akafungua ghala, akawagawia wajane na yatima. Mvua ilikuwa bado haijanyesha.

Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake.