Kiswahili cha Bibi

Alikuwepo baba mmoja, mtu wa huku huku kwetu, aliyehamia nchi za baridi akazaa binti hukohuko. Mama yake huyo baba, bibi wa binti, alibaki Korogwe. Kila Jumapili walipigiana simu, na kila Jumapili bibi aliuliza lilelile: "Mjukuu wangu ataniamkia lini?" Baba anacheka, anageuza mazungumzo, lakini swali linamkaa rohoni wiki nzima. Yule mama amezeeka. Angesubiri mpaka lini?

Basi akanunua spika, zile za kisasa, unaiongelesha nayo inakujibu kwa Kiswahili safi. Akaiweka mezani jikoni, akamwambia binti kwa Kiingereza, maana ndicho alichozoea kumsemesha: "Ongea na hii kila siku." Akaenda zake kazini. Msicheke, wazazi. Mnajijua.

Binti akashika. Miezi sita haikuisha, akawa anaiamkia spika asubuhi na kuiaga jioni. Baba akipita mlangoni anasikia "shikamoo" tamu, ila si yake. Anapita. Alitamani apate hata moja.

Jumapili ikafika, akampa binti simu.

"Shikamoo, Bibi."

Kule Korogwe machozi. Bibi analia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba, mama. Kumbe baba yako amekufundisha vizuri hivi."

"Siyo baba, Bibi. Ni spika."

"Kwani baba yako hasemi nawe?"

Binti akajibu: "Baba ana Kiswahili kingi, lakini ni chako wewe. Akicheka na wewe kwenye simu, mimi nakaa nyuma ya mlango nasikiliza. Nimejifunza ili siku moja acheke hivyo na mimi."

Baba alikuwa amesimama palepale. Muda wote ule alidhani anayesubiri ni bibi peke yake.

Haya, sasa sisi. Sauti zetu tamu tunazileta humu kanisani. Hapa tunaomba mpaka machozi yanatoka, tukifika nyumbani ni "umeoga?" na "daftari liko wapi?" Watoto tunawawashia nyimbo za injili kwenye simu, tunasema wanalelewa. Ni nani hapa ambaye mtoto wake amewahi kumsikia akimtaja kwa jina mbele za Mungu? Usinijibu mimi.

Leo ukirudi, usikimbilie sufuria kwanza. Yupo mtoto amekaa nyuma ya mlango siku nyingi, anasikiliza. Mwite.