Mablanketi ya Mgeni Rasmi

Nani hapa amewahi kumpiga nondo kofi kabatini, akapangusa vumbi mkononi, akadhani ameokoa sweta? Inueni mikono. Msione haya, tuko wengi.

Sasa sikieni. Kulikuwa na kanisa moja huko juu kwenye baridi, mahali ambapo Julai inauma mifupa. Washirika wakachanga, wakanunua mablanketi arobaini ya sufu kwa ajili ya wajane. Yalifika Mei. Yakagawiwa? Wapi! Yakafungiwa stoo yamngoje mgeni rasmi. Eti protocol. Mjane apate joto bila kamera? Haiwezekani!

Mgeni akaahirisha Juni. Akaahirisha Julai. Mjane mmoja, kifua kimembana, akamwendea mzee wa stoo, amejifunga leso mbili.

"Mzee, niazime moja tu. Mgeni akija nitalirudisha, anipe upya."

"Subira, mama. Yako salama. Leo tu nimeua nondo tisa kwa mkono huu."

"Baba, anayeruka hali nguo! Wanaokula ni watoto wake, viwavi, na hao hawaruki. Wanapenda giza na nguo isiyoguswa. Yatoe juani, uyakung'ute."

"Niyafungue kabla ya mgeni? Unataka nifukuzwe?"

Akamfungia mlango.

Agosti, mheshimiwa akatua. Mahema, spika, photographer amepiga goti. Yule mjane akaitwa wa kwanza, anakohoa. Mgeni akakunjua blanketi, likamwaga unga. Tundu hapa, tundu pale, viwavi weupe wananing'inia kwenye nyuzi. Mjane akapitisha mkono kwenye tundu kubwa, akamsalimia: "Karibu, mheshimiwa. Tulikuwa tunakungoja."

Mnacheka? Chekeni. Aliyekula mablanketi ni nani? Kiwavi alipewa miezi mitatu ya giza, mlango umefungwa, hasumbuliwi na mtu. Mwenyeji wake ni sisi! Sisi tunaomwona jirani akitetemeka, halafu tunampangia ratiba ya kutetemeka. Na yule mzee hakuiba hata uzi. Alikuwa mwaminifu, seriously. Mwaminifu kwa mtu asiyekuwepo, huku aliyepo anakohoa mbele yake.

Na hapa kwetu je? Miezi mitatu sasa, magunia ya nguo za watu wa mafuriko yamerundikwa nyuma ya madhabahu. Wenyewe wanalala juu ya turubai. Wazee wa kanisa, na wewe mchungaji, sitaki kusikia "tutakaa kikao". Simameni sasa, kabla ya sadaka, myatoe nje sisi tukiona, na yafike kambini leo.